Springi Kutoka Kabazi

Baba yangu alikuja kumwona mtoto wangu Jumapili iliyopita. Alileta kibuyu cha pombe na mkungu wa ndizi, na koti lake likaleta ile harufu. Grisi ya gari ikishaingia kwenye koti la sufu haitoki, hata ulifue kwa majivu, hata gari lenyewe liwe limekufa zamani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nanyonyesha. Harufu iliponifikia, maziwa yalikatika. Mtoto aliacha titi akanitazama kama anayeuliza ni nani amefunga mfereji. Mama mwenye mtoto mchanga anayesoma haya anajua sisemi uongo.

Mtoto wangu ni msichana. Baba alimshika, akampima uzito mikononi kama mtu anayepima kabichi, akasema, "Umeleta mali, mkwe wangu." Aliniita mkwe kwa sababu nimepewa jina la mama yake mama, ndivyo tunavyoitana kwetu. Hilo nililiacha lipite. Lakini baada ya chai akaanza hadithi yake. Mume wangu alikuwa hajawahi kuisikia, na baba hawezi kuona masikio mapya akayaacha hivi hivi.

"Kijana, wewe unafikiri umeoa mwalimu? Umeoa fundi! Huyu alipokuwa mdogo hivi, alikuja nyumbani anaburura chuma kikubwa kuliko yeye. Akaniambia, 'Baba, mrudishie yule mzee springi yake, tumchukue Wambui.' Ha! Alitaka kumkomboa dada yake na skrepa!"

Wageni walicheka. Mume wangu alicheka kidogo, kwa adabu ya mkwe. Na dada yangu Wambui, Wambui mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango, alicheka pia, kiganja mdomoni. Hapo ndipo moto uliponiwaka. Naandika haya ungali unawaka, na sitaki kuuzima. Anayetafuta utoto wa nyimbo na maziwa ya moto, atafute kwa mwingine.

Tulikaa Bondeni, mjini Nakuru, kabla ya ile miaka ya hali ya hatari ya mkoloni. Wakati wa kiangazi ziwa lilikauka kingoni, na upepo ukaleta vumbi jeupe la magadi lililotufanya watoto tuonekane kama vizee. Kutoka stesheni ilikuja harufu ya mahindi na makaa ya mawe. Baba alikuwa na gari. Sema tena: baba, Mwafrika wa Bondeni, alikuwa na gari lake mwenyewe. Lilikuwa kuukuu, limetengenezwa kabla ya vita, mbele chuma na nyuma bodi la mbao, na lilikuwa limemchosha Mzungu mmoja wa upande wa Njoro kabla ya kutufikia. Kwa gari hilo baba alibeba viazi, kabichi na kuku wa watu kutoka mashamba ya Bahati na Kabazi hadi soko la mjini. Alipopita, wanaume walivua kofia nusu. Hata sisi watoto wake tulitembea tofauti.

Siku gari lilipoletwa nyumbani, wazee wa mtaa walikuja na pombe kulibariki. Baba alimwita Wambui. Wambui ndiye kifungua mimba wetu, na ana jina la mama yake baba, kwa hiyo baba hakumwita jina, alimwita mama. Nataka hilo likumbukwe. Alimpa pembe ya pombe mbele ya wazee akamwuliza, "Mama, tunywe pombe hii?" Wambui, aibu imemjaa, akasema, "Nyweni." Akaonja, kisha akapuliza kidogo juu ya boneti, wazee wakaitikia baraka. Alikuwa amekuja likizo kutoka shule ya misheni, ambako pombe hata hawaitaji kwa jina, na usiku mzima alinung'unika kwamba ulimi unamwasha. Tulicheka sana, mimi na yeye, chini ya blanketi moja.

Basi springi ikakatika.

Kwa ambaye hajawahi kulala chini ya gari: springi ni mabapa ya chuma yaliyopinda kama upinde, yamepangwa refu juu, fupi chini, yamefungwa pamoja katikati. Bapa la juu lina jicho kila ncha, la kupitishia pini. Likikatika hilo, mwili wa gari unakalia tairi kama mama mzito anavyokalia mkeka. Tulikuwa tukiteremka kutoka Bahati, nimekaa juu ya magunia, niliposikia mlio kama mjeledi. Gari likainama upande wa kushoto. Kabichi zikaanza kubingirika barabarani na mimi nikazikimbilia nikicheka. Nilipogeuka, nilimwona baba amepiga magoti kando ya gurudumu, ameshika vipande viwili vya chuma, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mdomo wa mtu mzima ukifanya hivyo. Nilifikiri ameumwa na nyuki.

Kupata springi ya gari lile kulikuwa kama kutafuta meno ya babu. Baba aliipima ile iliyovunjika kwa kamba ya katani, akafunga fundo, akanichukua tukaenda kwenye duka la spea mjini. Mlango mkubwa ulikuwa wa Wazungu. Sisi tulisimama kwenye dirisha la upande, juani, hadi wote wa mlango mkubwa walipokwisha. Karani aliitazama kamba, akauliza ni gari gani, la mwaka gani. Baba alipomwambia, yule bwana akacheka hadi akaegemea kaunta.

"Mzee, gari hii imezikwa. Hata huko ilikotoka wamesahau kaburi."

"Kamba hii hapa. Nipe ya urefu huu."

"Ya urefu huo iko. Ya gari yako hakuna."

"Nipe ya urefu huu, nimesema."

Akapewa. Ikawa ya lori dogo, nene kama paja la ndama. Na kosa lilikuwa kwenye kamba yenyewe: springi hupimwa ikiwa na umbo lake, imepinda, nayo baba aliipima imelala chini vipande viwili, imenyooka kama maiti. Fundi Musa, aliyekuwa na gereji ya mabati karibu na uwanja wa soko, alipigana nayo mchana kutwa. Ilipoingia, gari liliinua kiuno kushoto na kulala kulia. Mayai yote ya safari ya kwanza yalivunjika, na bibi mmoja wa Lanet alishuka akasema ni afadhali apande mbuzi.

Musa alikuwa mtu wa maneno mengi. Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akamwambia baba, "Mzee, umevaa kiatu kimoja cha askari na kingine cha mtoto. Springi hizi huenda mbili mbili, na lazima ziwe rika moja. Ukiweka kijana na mzee kwenye ekseli moja, mmoja anasimama, mwingine analala, na gari inatembea kama mlevi. Tafuta gari ndugu ya hii, iliyokufa ugonjwa mwingine, uichomoe zote mbili."

Maneno ya rika moja yalinikaa kichwani. Watu wazima wote walioyasikia siku hiyo walitikisa vichwa, wakasema kweli, kweli, fundi amesema. Nawakumbuka mmoja mmoja.

Wakati wa kungoja, Musa aliitoa ile ya lori akairudisha iliyovunjika, ameiunga kwa kipande cha mutamaiyu, mti mgumu kama mfupa, na kuizungushia ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi ikikauka hukaza kuliko waya. Lakini ikipata mvua hulegea, na ikipata jua hunuka, na mbwa wote wa Nakuru walijua gari letu. Walitufuata makundi kwa makundi wakiruka kuitafuna springi yetu. Watoto wa Bondeni walitutungia wimbo. Baba aliyekuwa akivuliwa kofia sasa alikuwa bwana wa mbwa. Alianza kurudi nyumbani bila kusema na mtu, na mama akawa anampa chakula kwa mikono miwili kama mgonjwa.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Kinyua.

Alikuwa nyapara kwenye shamba la Mzungu karibu na Kabazi, mtu wa koti refu na buti, mwenye wake wawili na meno ya kahawia. Alikuwa mkubwa kuliko baba. Baba alimsalimia kwa kuinama. Alilikuta gari sokoni limezungukwa na mbwa, akalizunguka akiligongagonga kwa fimbo yake.

"Ndugu yake ninayo," alisema. "Bwana aliniachia. Iko juu ya mawe, injini imepasuka. Lakini springi zote mbili ni nzima. Hazijabeba kitu miaka yote hii ila kuku."

Nilimwona baba akimeza mate.

"Nikupe nini, mzee?"

"Kwani mimi ni duka? Mtu hamuuzii rafiki chuma. Nitakuja kwako tuongee."

Akaja. Akaja tena. Kila alipokuja aliletewa kiti chenye mgongo na chai yenye sukari yote ya nyumba. Nilimpenda. Aliniletea mua. Nilifikiri anakuja kulitazama gari, kwa sababu kila mara alianza kwa kulipiga teke tairi na kumaliza kwa kuuliza, "Na shule ya yule mkubwa inafungwa lini?" Nilifikiri anapenda masomo. Nikamwambia mimi mwenyewe kwamba Wambui anaongoza darasa, kwamba masista wamemwahidi nafasi ya kusomea uuguzi, kwamba anajua kufunga bendeji kichwani bila kuziba sikio. Mzee Kinyua alisikiliza yote. "Vizuri," alisema. "Vizuri sana." Mama alikuwa akimenya viazi mlangoni, na maganda yake yalikuwa mazito siku hiyo, nusu ya kiazi ikienda na ganda. Nilimwambia, "Mama, unaharibu." Akaniambia niende nje nikacheze.

Wambui alifunga shule. Siku chache baadaye mama aliitwa Gilgil kumuuguza mama yake, yule ambaye jina lake ni langu. Na kesho yake tu, sema mwenyewe kama ni bahati, Mzee Kinyua alifika na punda wawili. Punda mmoja alibeba springi, zote mbili, zimefungwa kwa gunia. Wa pili alibeba pombe. Nyuma yake walifuata wazee wa upande wake, wamevaa kama wanakwenda kanisani.

Nilikimbilia springi. Nilizishika, nikapitisha kidole kwenye macho yake. Zilikuwa na kinyesi cha kuku na kutu nyembamba, lakini umbo lake lilikuwa zuri, zimepinda sawasawa kama nyusi mbili. Musa aliitwa, akazisimamisha kando kwa kando. "Rika moja!" akapiga kelele. "Mapacha!" Mchana huo alizifunga, mimi nikimshikia kopo la grisi, na gari lilipoteremshwa kutoka kwenye mawe lilikaa sawa. Sawa kabisa. Baba aliinama akafumba jicho moja kulipima na ukingo wa paa la nyumba, akalia machozi. Nami nikalia naye kwa furaha.

Kisha akaenda jikoni, mahali Wambui alipokuwa akipepea moto. Nilikuwa nyuma yake. Niliyasikia kwa masikio yangu mawili.

"Mama, wazee wanataka kubariki gari. Njoo ufanye kama siku ile."

"Nitaonja tena, baba? Ile kitu inawasha."

"Kidogo tu. Ni ya gari."

Ni ya gari. Alisema hivyo. Nimeyatafuna maneno hayo tangu siku nilipoyaelewa, na hayajawahi kulainika.

Sasa, sisi tuliozaliwa katika desturi hiyo tunajua jambo ambalo Wambui, mtoto wa bweni la misheni, hakuwahi kuliona. Mwanamume akileta pombe ya kuomba msichana, hainywewi kwanza. Msichana anaitwa mbele ya wazee wa pande mbili. Baba yake anampa pembe na kumwuliza kama pombe hii inywewe. Akikataa, pombe inarudi ilikotoka. Akisema nyweni, na akaonja, yamekwisha. Amesema kwa mdomo wake, hakuna wa kumsemea tena. Ni desturi ya kumlinda msichana, wazee wanatuambia. Ati hakuna binti anayelazimishwa, ati lazima aulizwe. Naam. Wambui aliulizwa.

Alitoka na masizi puani. Wazee walikuwa wamekaa duara, na gari limesimama nyuma yao. Baba alimpa pembe kwa mikono miwili.

"Mama, tunywe pombe hii?"

"Nyweni," alisema Wambui.

"Tunywe kweli?"

"Nyweni, baba." Na akacheka, kwa kuwa alinitazama nami nilikuwa nikimtolea ulimi, nikimkumbusha ule usiku wa blanketi.

Akaonja. Akageuka kuelekea boneti ili apulize. Mzee mmoja akamshika mkono kwa upole, akamwambia, "Meza, binti. Hii inamezwa."

Akameza. Wazee walipiga kelele za furaha. Mzee Kinyua alisimama akavua kofia, nusu, kama vile watu walivyokuwa wakimvulia baba.

Mama aliporudi kutoka Gilgil aliona gari limekaa sawa kabla hajamwona mtu. Aliweka kikapu chini. Alimwuliza Wambui swali moja tu: "Ulionja?"

"Baba alisema ni ya gari."

"Sikuulizi hilo. Ulionja?"

"Nilionja."

Mama aliokota mchi, akaenda akapasua taa moja ya mbele ya gari. Baba hakutoka ndani. Kisha mama akakaa chini pale pale kwenye vioo vilivyovunjika, na shangazi zangu walipokuja walimzunguka wakisema neno hilo hilo moja, kwa sauti za kubembeleza, kama wanaoimbia mtoto: ameonja, basi, ameonja, utafanyaje. Waliosoma na wasiosoma. Waliokuwa na misalaba shingoni. Hakuna hata mmoja aliyesema ameongopewa. Hakuna aliyesema yule mzee ana rika la babu yake, na kwamba hata Musa, kwa chuma, hakukubali ekseli ya namna hiyo. Mama mwenyewe alipoinuka alikuwa ameshakuwa mmoja wao. Alianza kumtafutia Wambui vyombo. Nampenda mama yangu, amekufa, na hilo sijamsamehe.

Safari ya kwanza ya gari lile na springi zake mpya ilikuwa ya kumpeleka Wambui Kabazi. Naomba msomaji atulie hapo. Walimpakia juu ya springi zenyewe. Alikaa nyuma, kwenye bodi, na sanduku lake la bweni juu ya magoti, na mimi kando yake. Nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka natamani kujichapa kofi. Tulipanda Bahati bila mlio hata mmoja. Hakuna mbwa aliyetufuata. Kwenye mashimo gari lilishuka na kupanda taratibu kama mtu anayepumua usingizini. "Sikia," nilimwambia Wambui, "sikia ilivyo nzuri!" Alinishika mkono akaubana hadi mifupa ikalia. Mashamba ya pareto yalikuwa yamechanua, meupe kotekote, na nilifikiri analia kwa sababu ya vumbi.

Kabazi niliona lile gari lingine. Lilikuwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, limelala chini zaidi sasa kwa kukosa springi, na kuku walikuwa wakiingia na kutoka dirishani. Tukamwacha Wambui pale, amesimama kando yake. Kwa akili yangu ya kitoto nikaelewa mambo yote kwa mpigo mmoja. Tumechukua springi za Mzee Kinyua, kwa hiyo tumemwachia kitu cha kukalia nafasi, kama mtu anavyoacha sufuria yake dukani mpaka arudishe chupa. Tukipata springi nyingine, tutarudisha hizi, na Wambui atarudi kabla shule haijafunguliwa.

Shule ikafunguliwa. Nikaona watu wazima wamesahau. Basi nikaanza kutafuta mwenyewe.

Kila nilipotoka shuleni nilipitia kwa Musa, nyuma ya gereji, kwenye rundo la vyuma. Nilikuwa na kamba yangu. Nilikuwa nimelala chini ya gari la baba na kupima springi mahali pake, imepinda, imebeba, kutoka jicho hadi jicho, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kosa lake. Nilipima kila chuma. Ndefu. Fupi. Nene. Jicho moja. Magoti yalijaa kutu. Musa alinitania mwanzoni: "Karibu, fundi mkuu! Leo tunafungua injini ya treni?" Hadi siku aliyoniuliza natafuta nini hasa, nikamweleza mpango wangu wote. Musa aliacha kupiga nyundo. Alikaa juu ya tairi. Mwishowe aliingia mwenyewe ndani ya rundo, akatoa bapa moja, la juu, lenye macho yote mawili. Lilikosea kamba yangu kwa upana wa kidole.

"Chukua," alisema bila kunitazama. "Chukua tu, uende."

Niliburura chuma hicho kutoka sokoni hadi nyumbani. Kilichora mstari vumbini nyuma yangu njia nzima. Baba alikuwa amekaa nje na wanaume, gari limeoshwa, taa mpya imewekwa. Niliweka bapa miguuni pake. Mengine mmeshayasikia, mkaambiwa ni kichekesho. Waliangua kicheko hadi mmoja akamwaga chai yake. Baba alicheka kuliko wote. Nilimtazama usoni nikingoja amalize, ili ajibu. Na nilipokuwa nangoja, nikaona mdomo wake: ulikuwa unacheka, na ulikuwa unatetemeka vile vile kama siku ile kule Bahati. Safari hii sikufikiri ni nyuki. Nilijua anajua alichofanya. Alijua siku ile, na amejua kila mara alipoisimulia tena, ndiyo maana anaisimulia. Mtu huzungushia ngozi mahali palipokatika.

Simwonei huruma. Watu wataniambia, alikuwa mtu mweusi na dirisha la upande, gari ndilo lililomfanya mtu, usimhukumu. Yule karani na wale wa mlango mkubwa nina hesabu yao pembeni. Lakini si karani aliyesema ni ya gari.

Narudi Jumapili. Kicheko kilipoisha, baba alimimina pombe kwenye bilauri yangu nzuri ya harusi, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Onja, mkwe. Tumbariki mtoto."

Nilimchukua mwanangu kwanza kutoka magotini pa mume wangu. Kisha nikauliza, "Ni ya nini?"

"Ya mtoto. Nimesema."

"Sema kwa sauti, wasikie wote. Ni ya nini, nani ameileta, na anataka nini."

"Wewe, kwani una nini?" mume wangu akaninong'oneza.

"Nauliza pombe. Si desturi yetu kuulizana?"

Baba aliweka bilauri mezani polepole. "Mkwe," alisema, "hayo ni mambo ya zamani."

"Si ya zamani. Yamekaa pale mlangoni, kwenye stuli."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegeuka kumtazama Wambui pia. Watu waliitazama ile bilauri kama kwamba ina nzi. Baba akachukua kofia yake. Mlangoni alisimama mbele ya Wambui. Nilifikiri atasema kitu. Alisema, "Mama, wa siku zile tumebaki wachache tu," akatoka, na kibuyu akakiacha.

Nilimwaga pombe yote kwenye migomba. Mume wangu hajasema nami vizuri tangu hapo, na asiseme.

Wambui alibaki kuosha vyombo. Mzee Kinyua alikufa zamani, amemwachia watoto, kipande cha ardhi chenye mawe na lile gari la kuku. Mikono yake ina nyufa zisizotoka udongo. Mtoto wangu mdogo akiumwa bado ni yeye ninayemwita, na bado anajua kufunga bendeji bila kuziba sikio. Nilisimama kando yake nikifuta vikombe. Nilikuwa nangoja anigombeze kwa kumwaibisha baba mbele ya watu.

"Lile bapa," alisema. "Ulilitoa kwa Musa?"

"Kwa Musa. Nani alikuambia? Hukuwepo."

"Mwanamke mmoja wa Kabazi aliyekuwa akileta kuku sokoni. Alirudi akaniambia, mdogo wako anazunguka vyuma vyote vya Nakuru na kamba, anatafuta springi ya kukurudisha nyumbani." Alisuuza kikombe kilichokuwa safi, akakisuuza tena. "Wenzake walicheka. Mimi sikucheka."

"Leo umecheka."

"Leo nina watoto." Akakiweka kikombe juu chini kwenye meza. "Wakati ule, kila gari lililopanda kutoka Bahati nilitoka nje kuangalia. Niliingojea springi yako."